Herufi za Kiganjani

Kuna watu wanaosali kwa ujanja, na Abeli alikuwa mmoja wao. Mwaka mzima, tangu binti yake Ruthu aende China kusoma, alimwomba Mungu jambo moja tu: amrudishe. Hakutaja lini wala kwa namna gani. Aliona akianza kuweka masharti ataonekana mtu wa tamaa. Basi katikati ya Julai mwaka 1996 Ruthu akarudishwa. Aliingia nyumbani Nkuhungu saa nane mchana, akatua begi, akasema shikamoo baba kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na hata maji hajanywa akasema amefeli.

Abeli akaitikia marahaba. Moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, na aibu ikafuata palepale.

Tumweleze vizuri huyu Abeli, maana alikuwa haoni, na wako watu wakisikia kipofu wanafikiria mtu wa kukaa mlangoni akingoja kushikwa mkono. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, tena mwenye tai. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne huko kwao Zuzu. Shule ya Buigiri ikampa nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa ncha ya kidole, na nukta nundu zikampa kazi ya opereta wa simu katika idara moja mjini Dodoma. Miaka kumi na minane alikaa mbele ya swichibodi akiunganisha watu. Simu ikilia anasema, "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Alijua sauti za wakubwa kwa kikohozi tu. Simu yake mwenyewe haikuwahi kuja hata moja. Nani angempigia? Mkewe Paulina alishafariki, na ndugu zake wa Zuzu wakiwa na shida walikuja kwa miguu.

Tena ilikuwa miaka ya kupunguza watumishi. Majina yalibandikwa ubaoni, watu wakayasoma, wengine wakaenda kukaa chini ghafla. Abeli ilibidi asubiri Joha, katibu muhtasi, apate nafasi ya kwenda kumtazamia kama lake limo. Siku hizo alikuwa akirudi nyumbani, anafungua mlango, anasikia ukimya wa nyumba ya mtu mmoja. Ndiyo maana aliomba vile. Mimi simlaumu sana.

Mambo ya Ruthu yalikuwa hivi. Mwaka wa kwanza, pale Beijing, ulikuwa wa lugha tu. Ukifaulu, unapelekwa Nanjing kuanza masomo yenyewe, na yake yalikuwa uhandisi wa maji. Ukishindwa, upo mtihani wa marudio tarehe kumi Septemba, na ukishindwa huo, ndiyo kwaheri. Tiketi ya kurudi alikuwa nayo, ya tarehe tatu Septemba. Aliiweka kwenye droo ya kabati chini ya vitambaa vya marehemu mama yake, akaifunga droo kama mtu anayefunga hesabu na dunia.

Kusikia Kichina alikuwa anasikia. Kuongea aliongea mpaka walimu wakashangaa, na hilo halikumshangaza Abeli, kwani mtoto aliyelelewa na asiyeona hujifunza kutumia masikio. Kilichomshinda ni kusoma na kuandika. Alimweleza baba yake kwamba wale hawana a, be, che kama sisi, kila neno lina umbo lake, na maumbo ni maelfu. Alikuwa anayakodolea macho usiku na mchana. Leo anayajua, kesho yanamtazama kama hawajawahi kukutana.

"Mimi sina kichwa hicho, baba," akasema. "Tuyaache."

Wakayaacha. Wiki nzima nyumba ikawa na harufu ya chai ya tangawizi asubuhi, mlenda jioni, na mtu wa kumwambia leo upepo ni wa vumbi, usifungue dirisha la mbele. Abeli alienda kazini akipiga mluzi. Joha akamtania kwamba amepata mchumba. Ila kila jioni, Ruthu akiwa jikoni, Abeli aliusikia ule mvuto wa pumzi wa mtu anayejizuia. Asiyeona unaweza kumdanganya kwa mengi, hata chenji sokoni, lakini si kwa kilio. Siku ya nane ikamshinda.

Ilikuwa Jumamosi. Akamwita, akamwambia atoe kile kitabu begini. Ruthu akauliza cha nini. Abeli akanyoosha kiganja cha kulia. Akasema yeye ametafutiwa maneno kwa miaka mingi na watu wanaoona, sasa anataka moja la kwake, aandikiwe hapo.

Ruthu akajikuta anasema kwamba hata Wachina wenyewe hufanya hivyo. Watu wa majimbo mawili wasiposikilizana kwa mdomo, mmoja humwandikia mwenzake kiganjani kwa kidole.

"Basi mimi na wewe hatusikilizani," Abeli akasema. "Andika."

Kwanza Ruthu aliketi mbele yake, na kila kitu kikawa kichwa chini miguu juu. Akahamia ubavuni, bega kwa bega, kidole chake kikiwa na harufu ya kitunguu. Akachora mteremko mmoja kwenda kushoto, na mwingine kwenda kulia. Akasema huyo ni mtu.

Abeli akauliza kama ndiyo amekwisha. Ruthu akasema amekwisha. Abeli akashangaa mtu mzima kutoshea kwenye mistari miwili, akasema Joha peke yake angehitaji kumi. Ruthu hakucheka, lakini pumzi yake ilibadilika.

Akaandika neno la pili: maji. Abeli akaomba mara tatu. Kisha akasema sasa ni zamu yake, akashika kiganja cha bintiye na kuandika kwa makini sana, ulimi nje. Ruthu akakitazama kiganja chake. Baba yake alikuwa ameandika kinyume. Kilichotakiwa kwenda kushoto kimeenda kulia, na ile kucha ndogo chini ya mstari wa katikati imetazama upande usio wake, kama vile maji yameonekana kwenye kioo.

Sasa hapo mtu wa kawaida angesema mzee amekosea. Kumbe kwa Abeli hayo hayakuwa makosa. Huko Buigiri walifundishwa kuandika kwa kibao na kijimsumari, unatoboa karatasi kwa nyuma, kuanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi ukiigeuza, ili ukipindua karatasi vinundu viwe vimekaa sawa. Miaka arobaini Abeli alijua kusoma kuna upande wake na kuandika kuna upande wake. Haikumpitia akilini kwamba wako watu wanaandika kitu kilekile wanachosoma. Alipoeleza hivyo, Ruthu akaangua kicheko mpaka akajilaza kwenye mkeka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu arudi, na Abeli akacheka naye bila kujua vizuri wanacheka nini.

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Abeli akirudi kazini anavua tai, ananawa mikono, anatoa kiganja. Mistari wakaipa majina yao wenyewe. Nukta ikawa punje. Wa kulala ukawa mlalo, wa kusimama ukawa wima, wa kushuka ukawa mteremko. Penye kona wakasema kiwiko, penye kijikulabu wakasema kucha.

Siku ya tano ya desturi hiyo Ruthu aliandika tena maji, na Abeli akatikisa kichwa, akasema hilo halijui. Ruthu akasema ni maji, baba, tulianza nayo. Abeli akasema hapana.

"Maji ya Jumamosi yalianzia katikati," akasema. "Haya umeyaanzia pembeni. Kwangu haya ni maneno mawili."

Ruthu akataka kubisha kwamba vyovyote utakavyoanza umbo linatoka lilelile. Kisha akakitazama kidole chake. Anayeona hupewa umbo zima kwa mkupuo, halafu anahangaika kulikumbuka lote. Kiganja hakipewi umbo. Kinapewa safari, mstari mmoja baada ya mwingine, na safari ikibadilika kiganja kinapotea. Walimu wa Beijing walikuwa wamesema tangu siku ya kwanza kwamba kila herufi ina mpangilio wake, kipi kitangulie kipi kifuate, na Ruthu aliona hayo ni mazoea yao tu, kama kuvaa soksi ya kushoto kwanza. Alikuwa akinakili kwa macho, leo akianzia hapa kesho pale, na mkono wake haukuwahi kujifunza njia. Akafungua kitabu ukurasa wa mpangilio. Maji yanaanzia katikati.

"Tuanze upya yote," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule Ruthu wa zamani, wa kushindana.

Abeli naye akajipa kazi ya kuwa mtahini, na mtahini lazima ajue majibu. Akaleta kutoka ofisini majalada ya kalenda zilizopita, akayakata vipande, na kwa kile kijimsumari chake akatoboa kila neno kwa nukta nundu: maana yake kwa Kiswahili, kisha mistari kwa zamu, punje, mlalo, kiwiko. Kidole cha kushoto kinasoma kadi, kiganja cha kulia kinapokea. Ruthu akikosea hatua moja, kiganja kinafungwa, anaanza upya. Alikuwa mtahini mkorofi. Ruthu akamwambia hata wale wa Beijing wana huruma. Kadi zikafika hamsini, zikafika mia moja na themanini. Kisha Ruthu akagundua kwamba akikifungua kitabu, herufi hazimtazami tena kama wageni. Akiliona umbo kidole chake kinacheza chenyewe, na jina linakuja.

Kazini Abeli akawa anachora mezani kati ya simu na simu. Joha akamuuliza anaandika nini. Akasema Kichina. Joha akamwambia apumzike, jua limekuwa kali.

Sasa Agosti ilikuwa inaisha, na hapa ndipo Abeli alipobanwa. Kadiri bintiye alivyojua, ndivyo droo ya kabati ilivyozidi kumkumbusha kilichomo. Alikuwa akimfundisha kuondoka kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa wakakaa barazani. Ruthu akasema leo anampa neno zuri. Akaandika taratibu: punje juu, punje kushoto, mlalo wenye kucha. Akasema hilo ni paa. Abeli akasema basi si la tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa kama ya mama yake mzazi kule Zuzu; hili lina kilele, ni la bati kama lao. Ruthu akasema haya, la bati. Akaendelea chini yake: kiwiko, mteremko, mlalo. Akasema huyo ni mwanamke, au binti.

"Binti chini ya paa," Abeli akasema. "Na yote pamoja?"

"Salama," Ruthu akasema. "Utulivu. Mtu anapokuwa hana hofu."

Abeli akafunga kiganja taratibu kama amewekewa kitu asikidondoshe. Ilikuwa sala yake yote, neno kwa neno, na watu wa mbali walikuwa wameiandika zamani kabla yeye hajazaliwa.

Ruthu akaegemea bega lake. Akasema ameshafikiri, haendi. Hata akifaulu ni miaka mitano mingine. Hapa atapata kazi ya kufundisha, na nani atakuwa akimtazamia jina ubaoni, Joha naye akipunguzwa? Aliongea kwa upole, na alichosema kilikuwa na akili. Abeli hakutakiwa kufanya lolote. Angekaa kimya tu siku tisa, tiketi ingejifia yenyewe kwenye droo, na asingekuwa amedanganya mtu. Aliutaka ukimya huo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini begani kwake alisikia ile pumzi ya kujizuia, ileile ya jikoni.

"Ruthu," akasema, "niliomba urudi. Mwaka mzima, kila siku. Wewe unahangaika na vitabu kule, mimi nipo hapa navuta upande mwingine. Ulipoingia ukasema umefeli, mimi nilifurahi. Mwanangu analia, mimi moyoni nafurahi."

Bega likawa jepesi. Akasikia ndala zake zikivuka uwanja, na mlango wa chumbani ukifungwa bila kelele. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Siku mbili Ruthu alipika, akaamkia, akaitika akiitwa, na zaidi ya hapo hapakuwa na neno. Jioni Abeli alinawa mikono, akakaa mahali pao, akaweka kiganja juu ya goti. Hakuna aliyekuja. Alikaa hivyo mpaka mkono ukaingia ganzi, akajiambia hii ni halali yake.

Siku ya tatu asubuhi alikuwa akifunga tai. Ruthu akaja, akamshika mkono katikati ya kazi hiyo, akaufungua kwa nguvu kidogo, akaandika. Ilikuwa maji. Yalianzia katikati, kucha ikatazama kushoto, yakaisha vizuri.

"Sikufeli kwa maombi yako," akasema. "Nilifeli kwa sababu nilikuwa naanzia pembeni. Usijipe ukubwa, baba."

Abeli akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo, maana macho yasiyoona yanajua kazi hiyo kama mengine. Akamwomba msamaha kwa mdomo, kwa maneno kamili, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Ruthu akamalizia kumfunga tai. Akasema anakwenda kurudia mtihani, na mlango wa mbele akaujaribu mara mbili kama unafunga vizuri, kana kwamba anaondoka leo.

Tarehe mbili Septemba alimsindikiza stendi, basi la asubuhi la Dar es Salaam. Kadi zote mia mbili na kumi Ruthu alimwachia, akisema yeye anazo mkononi. Abeli alisimama mpaka mlio wa basi ukachanganyika na milio mingine. Aliporudi nyumbani kimya kilikuwa kimemngoja sebuleni, akaketi nacho.

Akasali, ndiyo, lakini sasa kwa masharti kamili: tarehe, jina la mji, na matokeo. Akamwomba Mungu kwamba Ruthu afaulu, aende Nanjing, na ile sala ya zamani tafadhali ifutwe. Tarehe kumi ikapita. Ya kumi na tano ikapita. Kila aliposhika mkonga wa simu alijiambia kwamba kama ni habari mbaya itakuja na Ruthu mwenyewe mlangoni, na begi. Kwa hiyo jioni aliogopa kusikia hodi. Fikiria hilo, yule Abeli wa mwaka jana.

Tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi, swichibodi ikalia mlio mrefu wa simu ya mbali. Mwanamke wa kituo cha simu Dar es Salaam akasema kuna simu kutoka Nanjing, China, apokee.

Nanjing. Hakusema Beijing. Lakini miaka kumi na minane ni mingi, na mdomo ukatoa wenyewe ulichozoea kutoa.

"Habari za asubuhi," akasema. "Nikuunganishe na nani?"

Laini ikavuma. Kisha sauti ikaja kutoka mbali sana, ikikatika.

"Niunganishe na baba."

Abeli akaushika mkonga kwa mikono miwili. Joha aliyekuwa mlangoni na mafaili akasimama. Sauti ikasema dakika ni tatu tu, baba, toa kiganja. Akabana mkonga kwa bega, akafungua kiganja cha kushoto juu ya meza, akaweka kidole tayari.

Ruthu akasoma kwa sauti, polepole. Punje. Punje. Mlalo wenye kucha. Hapo Abeli alishajua, lakini alitaka kupewa yote. Kiwiko. Mteremko. Mlalo.

Binti chini ya paa. Siku zote alikuwa amelichukulia lile paa kuwa ni lake, bati zile za Nkuhungu, zenye kutu upande wa jikoni. Alipapasa tena herufi yote kiganjani, kuanzia punje ya juu. Hakuna popote walipoandika ni paa la nani.

"Umeisoma, baba?"

"Nimeisoma," akasema. "Kaa hapohapo, mwanangu."

Akasikia Ruthu akianza kulia kule mbali, na safari hii hakujizuia. Laini ikakatika kabla hawajaagana. Joha akasogea, akauliza amesema nini huyo mtoto. Abeli akamwomba alete mkono wake.